Mche Ukichomoza, Upeleke Mwangani

Msikilizaji, mbegu ya nyanya haihitaji mwanga ili iote. Inahitaji unyevu, joto na hewa. Ndiyo maana ukiisia kwenye kopo ndani ya nyumba huota vizuri tu, tena bila kuparuliwa na kuku wala kusombwa na mvua. Tatizo huanza ikishachomoza. Akiba ya chakula iliyomo kwenye mbegu ni ndogo mno. Ikiisha, mche hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga. Ukiukosa, hurefuka kuutafuta. Shina huwa jembamba, limepauka, kisha mche hulala. Hapo wengi wetu huongeza maji, na hilo ndilo kosa la pili. Kopo lisilo na matundu hutuamisha maji, yakakaribisha kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina pale linapogusa udongo. Kwa hiyo mche ukichomoza, uhamishie mwangani siku hiyo hiyo.

Utasema jua litauunguza. Kweli, jua la mchana huunguza mche uliozoea kivuli. Lakini dawa yake si kuurudisha chumbani. Anza barazani, upate jua la asubuhi, kisha ongeza muda kidogo kidogo. Na dirishani je? Panafaa, ila mwanga hutoka upande mmoja, basi geuza kopo kila siku. Litoboe chini. Mwagilia asubuhi, udongo wa juu ukianza kukauka. Tunarudia: mche ukichomoza, siku hiyo hiyo, mwangani. Ukishapata majani halisi manne au matano, upandikize bustanini jioni, jua likiwa limepungua makali.