Shingo ya gitare imepinda, haijafa

Maneno ya kikundi cha muziki mbele ya mkutano wa wanachama, Mutwanga

Viongozi walituomba tuseme kwa kifupi juu ya gitare za umeme tulizokuta wakati tuliporudia. Kuna maulizo mawili yanayongojea jibu: tuzitengeneze ao tuzitupe? Na feza ya kununua zingine itoke kwa sanduku? Ile sanduku tunajua ni ya nini. Ni ya mgonjwa, ni ya matanga, ni ya mabati ya mama mjane. Kwa hiyo siye wenyewe wapiga gitare tunatangulia kusema: tusiiguse. Kwanza tuangalie kama gitare zimekufa kweli.

Mambo ya 2020 na 2021 katika sekta ya Ruwenzori hatuna haja ya kuwaelezea. Wengine walishika njia ya Beni, wengine Butembo, wengine walipita Kasindi wakaingia Uganda. Mtu anayebeba mtoto na godoro, gitare atabeba na mkono gani? Zikabaki nyumbani: ingine juu ya dari karibu na mabati, ingine nyuma ya kabati, ingine ndani ya gunia. Na nyuzi zilibaki zimekazwa vile vile, miezi na miezi. Hapo njo ugonjwa unaanzia.

Musikie sababu. Nyuzi sita za kawaida, ukisha kuakorde, zinavuta shingo na nguvu ya karibu kilo 45. Haipungui sana mfuko mmoja wa simenti. Mbao inavutwa hivyo mchana na usiku, na tena inakunywa unyevu wa mvua ya Rwenzori, kiisha inakauka na joto la mabati. Itakosa kupinda namna gani?

Wenye kutengeneza gitare waliliona jambo hili zamani. Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kampuni ya Gibson kule Marekani, alipewa hati ya ubunifu mwaka 1923 kwa fimbo ya chuma inayolala ndani ya shingo, chini ya ule ubao wa freti. Mwisho wa fimbo kuna nati. Ukikaza nati, chuma kinarudisha shingo nyuma kupinga nyuzi. Ukilegeza, nyuzi zinapata nguvu, shingo inainama mbele. Hata kampuni ya Fender, ilipotoa gitare zake za kwanza za umeme mwaka 1950, ilifikiri mbao ngumu peke yake inatosha. Haikukawia, ikaweka chuma.

Kwa gitare nyingi nati hiyo iko kichwani, karibu na funguo za nyuzi, chini ya kifuniko kidogo. Kwa zingine iko upande wa chini, pale shingo inaunganika na mwili. Watu wanaipita kila siku bila kujua ni ya kazi gani.

Sasa, namna ya kupima. Hauhitaji chombo cha bei. Akorde gitare kwanza, juu shingo isiyovutwa haisemi ukweli. Finya uzi mnene kwa freti ya kwanza, na mkono mwingine ufinye uzi ule ule pale shingo inapokutana na mwili. Uzi umekuwa rula. Angalia freti ya 7 ao ya 8: kati ya uzi na chuma cha freti kunapaswa kubaki nafasi ndogo sana, milimita 0.2 mpaka 0.3. Ni kama karatasi mbili ao tatu za daftari la mtoto zikiwekwa pamoja.

Nafasi ikiwa kubwa, shingo imeinama mbele. Nyuzi zinakuwa juu, vidole vinaumia, na mtoto anayejifunza anaacha wiki ya kwanza. Hapo unakaza: ukiangalia nati uso kwa uso, unazungusha kuelekea kuume, kama mshale wa saa. Nafasi ikikosekana kabisa, na nyuzi zinalia zzz kwa freti za kwanza, shingo imerudi nyuma kupita kiasi. Hapo unalegeza, kuelekea kushoto.

Na hapa tunawaomba vijana wafungue masikio. Ni robo ya mzunguko tu, ao chini ya robo. Kiisha unaakorde tena, unapima tena, unaacha gitare mpaka kesho. Mbao haifuati mara moja. Inaweza kuendelea kusogea usiku. Haraka haraka haina baraka, na hapa kukosa baraka ni kusikia chuma kinakatika ndani. Kikikatika, mpaka kung'oa ubao wote wa freti, na hiyo kazi ni bei kuliko gitare lenyewe. Nati ikikataa, musitumie nguvu. Mulegeze nyuzi, mujaribu polepole. Ikikataa tena, muache.

Jambo la pili ni ufunguo. Ni ule wa pembe sita, ambao mafundi wa pikipiki wanaita alen. Lakini si kila alen. Gitare nyingi kutoka Asia zinataka ya milimita 4 ao 5. Za Marekani zinapimwa kwa inchi: Fender nyingi zinataka 1/8 ya inchi, ni kusema milimita 3.2. Ukiweka ya 3 inaingia, lakini inacheza, na siku moja itakula pembe za nati. Ufunguo wa kweli unaingia bila kucheza. Tumenunua seti mbili, ya milimita na ya inchi, na feza tuliyopata kwa kupiga arusi. Hazikutoka kwa sanduku.

Musifikiri vilevile kwamba chuma hiki ni dawa ya magonjwa yote. Shingo iliyojipinda kama kamba, upande mmoja juu na mwingine chini, hakiinyooshi. Freti zilizoliwa, hakizijazi. Urefu wa nyuzi pale chini unarekebishwa kwa daraja, kiisha shingo imekaa sawa, si mbele.

Na mwenye kupiga mi-solo ajue hivi: akitoa uzi wa ine na kuweka mwembamba unaolia oktava ya juu, mvuto wa nyuzi unapungua kidogo. Shingo inaweza kurudi nyuma. Apime tena, asiseme gitare limelogwa.

Sasa majibu. Gitare zilikuwa ine. Solo na akompa zilirudi sawa kwa siku tatu. Mi-solo ilichukua wiki nzima. Bass, hapana: nati imefika mwisho wa uzi wake na shingo bado imeinama. Ile inataka shingo mpya, na tutaitafuta kwa feza ya arusi, hata ikichukua mwaka. Kumbe tulikuwa karibu kununua gitare ine wakati inakosekana shingo moja.

Mama mmoja alituuliza, tena kwa haki: watu hawana mabati, nyinyi munanyoosha gitare? Mama, ulizo lako tunaliheshimu. Jibu letu ni hili: rumba, ambayo UNESCO iliandika kwa urithi wa watu wote mwaka 2021, kwetu ni kazi pia. Kila arusi tunayopiga, sehemu inaingia kwa sanduku. Lakini solo anapanda sebene kule freti za juu, mbiombio, na kama nyuzi ziko juu kama kamba za nguo, sebene inakufa na wenye arusi hawarudi kutuita.

Neno la mwisho si la kufurahisha. Kama tutahama tena, Mungu aepushe, na gitare inabaki, usikate nyuzi zote, juu chuma kitavuta peke yake na shingo itarudi nyuma. Ulegeze tu kila uzi kidogo, sauti ishuke toni moja ao mbili. Ufunge gitare ndani ya nguo, uiweke ndani ya nyumba mbali na mabati na ukuta wenye maji. Ni kazi ya dakika mbili. Dakika mbili, wengi wetu hatukuzipata ile siku. Lakini mwenye kuzipata, ajue la kufanya.

Mwenye gitare nyumbani ailete jumamosi. Alen ziko, kupima ni bure.