Kabla ya Kusema Uganda Wametuacha, Tupime Ndizi Kwanza

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Bukoba. Wengi mliiomba kwa maandishi, hii hapa.)



Majuzi kwenye grupu letu ubishi uliwaka. Mmoja akasema Uganda wanasindika ndizi mara kumi yetu. Mwingine akajibu uongo, sisi tuna viwanda kibao. Nikauliza kitu kimoja tu: mara kumi ya tani ngapi? Kimya. Leo nataka tuzungumze kuhusu kimya kile.

Tuanze na tunachokijua. Kwa takwimu za FAO, Tanzania tunavuna zaidi ya tani milioni 3 za ndizi kwa mwaka. Uganda wanatuzidi, maana kwao matoke ndiyo ugali. Migomba yetu na yao ni ndugu kabisa. Hata ule ugonjwa wa mnyauko ulionekana kwao 2001, na kufikia 2006 ulikuwa umeshaingia Kagera.

Kwenye usindikaji, wenzetu waliamua mapema. Mwaka 2005 serikali yao ilianzisha mradi wa rais wa viwanda vya ndizi, kiwanda kikawekwa Bushenyi, na unga wake ukapewa jina la Tooke. Tuwape haki yao: kuna uamuzi na kuna bidhaa. Huku kwetu ndizi imebebwa na watu binafsi. Arusha kuna Banana Investments, wanatengeneza mvinyo wa ndizi tangu miaka ya 1990. Wachaga wana mbege yao, sisi tuna rubisi yetu.

Lakini jamani, kiwanda sio tani. Wabunge wa Uganda wenyewe wamehoji fedha zilizoingia kwenye mradi ule. Na sisi tunaujua mchezo huo: tuliambiwa kila mkoa uwe na viwanda 100, tukahesabiwa majengo. Nani alituambia kimeingia nini na kimetoka nini?

Halafu kuna mtego mwingine. Tani za nini? Ndizi mbichi ukiimenya, zaidi ya theluthi ya uzito inabaki kwenye maganda. Kinachobaki, sehemu kubwa ni maji. Kilo 100 za ndizi hazikupi hata kilo 25 za unga kavu. Kwa hiyo mtu akikuletea tani za unga za nchi moja na tani za ndizi mbichi za nchi nyingine, huyo hajalinganisha chochote. Na wazee wetu wanaokanyaga ndizi kwenye mtumbwi wapate rubisi, si wasindikaji hao? Nani amewahesabu, hapa au Uganda?

Sasa basi, kwa nini hatuna hesabu? Jibu nililipata nyumbani kwa mama.

Mama anauza ndizi kwa mkungu. Dalali anakuja, anautazama kwa jicho, anataja bei, kwisha. Siku moja niliazima mizani. Mikungu miwili iliyonunuliwa kwa bei moja: mmoja kilo 19, mwingine kilo 31. Nikamwonyesha. Akaniambia, "Mwanangu, kahawa yangu inapimwa kila msimu. Ndizi nani aipime?" Niliona aibu. Zile kilo 12 ni ada ya shule ya mtu, zimeondoka bure juu ya lori.

Hapo ndipo siasa yetu inapoanza. Kisichopimwa shambani hakiwezi kujulikana kiwandani. Na asiyejua uzito wa mali yake hawezi kubishana bei, iwe na dalali au na mwenye kiwanda. Ukimjengea kiwanda leo bila mizani, umembadilishia dalali tu.

Wasituambie haiwezekani. Lori likifika kwenye geti la ushuru, halmashauri inajua kabisa kuhesabu! Mikungu yote inaonekana, hakuna unaopita bure. Hesabu ya kutoza ipo, hesabu ya kumsaidia mkulima hakuna.

Kwa hiyo madiwani wetu, na sisi nyuma yao, tudai mambo matatu. Moja, ndizi ziuzwe kwa kilo, na kila gulio liwe na mizani iliyokaguliwa. Mbili, halmashauri itangaze kila mwaka tani zilizopita getini na ushuru uliokusanywa. Tatu, kiwanda chochote kinachopewa ardhi au msamaha wa kodi kiseme wazi kimepokea tani ngapi za ndizi na kimetoa nini.

Na sisi tusisubiri. Kila mmoja wenu, kabla ya kikao kijacho, aazime mizani, apime mikungu kumi kwenye gulio la kwao, aandike kilo na bei. Mleteni karatasi hizo hapa. Siku hiyo tukibishana kuhusu Uganda, angalau upande wetu wa hesabu utakuwa na namba.

Nani anaanza na gulio la kwao?