Mali Bila Daftari: Kamera za Porini na Hesabu ya Wanyamapori

Matini ya mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata za katikati ya Jiji la Dar es Salaam



Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua vyema msemo huu: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyehesabu bidhaa zake jioni hawezi kujua kama siku imemletea faida au imemtia hasara. Mada hii inahusu daftari la mali nyingine, mali ya Watanzania wote, ingawa wengi wa wakazi wa katikati ya jiji hawajapata kuiona kwa macho. Mali hiyo ni wanyamapori wanaoishi nje ya hifadhi, katika ardhi za vijiji na maeneo ya uwindaji. Siku hizi sehemu ya daftari lao huandikwa na kamera.

Kamera isiyohitaji mpiga picha

Kamera ya porini ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye mti, aghalabu usawa wa goti, kando ya njia ya wanyama au karibu na maji. Ndani yake mna kitambuzi cha joto. Mnyama anapopita, joto la mwili wake hutofautiana na lile la vichaka vilivyo nyuma yake, na papo hapo kamera hupiga picha na kuandika tarehe na saa. Usiku hutumia mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni, na picha hutoka kwa rangi nyeusi na nyeupe. Betri na kadi ya kumbukumbu huiwezesha kukaa porini kwa wiki kadhaa bila mtu kuigusa.

Kwa kuwa kamera hii hutegemea tofauti ya joto, msimu una uzito mkubwa. Katika usiku wa baridi wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, mwili wa mnyama hutambulika kwa urahisi. Mchana wa jua kali, ardhi ikiwa imechemka, tofauti hiyo hupungua na mnyama huweza kupita asiandikwe. Wakati huohuo jani lililopashwa joto na kutikiswa na upepo huweza kuidanganya kamera ikapiga picha za nyasi tupu. Aidha, kipupwe ni wakati ambapo madimbwi huanza kukauka na wanyama kukusanyika penye maji ya kudumu. Anayetaka kuwahesabu hujua mahali pa kuwasubiri.

Fikra hii si ngeni nchini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Kilimanjaro na Umasai akiwapiga wanyama picha usiku kwa mwanga wa unga wa magnesi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Mitambo yake mizito ilibebwa na wapagazi, watu wa kazi ileile ambayo baadaye iliupa mtaa wa Kariakoo jina lake. Jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Karne moja baadaye mzigo umepungua na matokeo yameongezeka. Katika Serengeti, watafiti walianza mwaka 2010 kuweka kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na maelfu ya watu wa kujitolea duniani wakasaidia kutambua wanyama waliomo katika picha hizo. Katika Milima ya Udzungwa, kamera zilinasa mwaka 2005 picha ya sange ambaye sayansi haikuwa imemjua. Ana uso wa kijivu na uzito wa takriban gramu 700, na alitangazwa rasmi mwaka 2008 kuwa spishi mpya. Ndugu yake, sange mweusi na mwekundu, anaishi hadi leo katika msitu wa Pugu, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo.

Kijiji kinapolipwa kwa picha

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi unatoka mkoani Iringa, katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tarafa za Idodi na Pawaga zina jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayojulikana kwa jina la MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, iliyounganisha vijiji 21. Wanyama hawajui mpaka wa hifadhi. Hutoka usiku, hupita katika ardhi za vijiji, na alfajiri mfugaji huweza kukuta ng'ombe wake ameliwa na simba au fisi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Simba huyo kwa mtalii ni furaha, na kwa mwindaji mwenye leseni ni nyara. Kwa taifa ni fedha za kigeni. Kwa mfugaji aliyepoteza ng'ombe wa kumlipia mtoto ada, simba ni hasara tupu. Mapato ya utalii na uwindaji yalipomfikia, yalikuwa yamepita mikono mingi, na hakuyaona kuwa yana uhusiano wowote na mnyama aliyepita nyuma ya boma lake. Kwa hiyo simba waliuawa, kwa mkuki au kwa sumu. Sumu haichagui, kwani tai na fisi wanaokula mzoga uleule nao hufa.

Mradi wa wanyama walao nyama wa Ruaha, ulioanzishwa mwaka 2009 na Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford na ambao sasa ni sehemu ya shirika la Lion Landscapes, ulibuni utaratibu mwepesi kueleweka. Kijiji hupewa kamera. Wanakijiji wenyewe huteua watu wa kuziweka na kuzitunza katika ardhi yao. Kila picha ya mnyamapori huipatia kijiji alama: mnyama mdogo wa kawaida huleta alama chache, na mnyama adimu au mwenye kuleta madhara makubwa, kama simba na mbwa mwitu, huleta nyingi. Vijiji hushindanishwa katika makundi, na alama hugeuzwa kuwa huduma za elimu, afya na tiba ya mifugo. Kijiji chenye alama nyingi hupata zaidi, na hata cha mwisho hakitoki mikono mitupu.

Matokeo ya utaratibu huo ni mabadiliko ya hesabu. Simba aliye hai katika ardhi ya kijiji huingia katika daftari upande wa mapato. Mtego wa waya uliotegwa na jirani huacha kuwa siri ya mtu mmoja, kwa sababu unapunguza dawa za zahanati ya wote. Hasara ya mfugaji haijafutika, na hakuna picha inayomrudishia ng'ombe wake. Hata hivyo, sasa anaona kwa macho yake kinacholetwa na mnyama aliyekuwa akimletea hasara peke yake.

Kamera haimwoni mnyama peke yake

Chombo chenye manufaa huweza pia kuumiza. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha taarifa kuhusu hifadhi ya Corbett nchini India. Kamera zilizowekwa kwa ajili ya chui milia zilitumika kuwatazama na kuwatisha wanawake waliokwenda msituni kutafuta kuni. Wanawake hao walizoea kuzungumza na kuimba kwa sauti wawapo msituni ili kuwaepuka wanyama. Baada ya kamera kuja, walinyamaza, na ukimya huo ukawaongezea hatari.

Tofauti kati ya Corbett na Ruaha haimo katika kisanduku kilichofungwa mtini. Imo katika maswali matatu: nani aliyeiweka kamera, nani anayeziona picha, na nani anayefaidika nazo.

Maswali hayohayo yanafaa kuulizwa Kariakoo, ambako kamera za ulinzi zimejaa madukani, katika maghala na kwenye korido za majengo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali, awafahamishe wahusika, na azitunze taarifa hizo kwa usalama. Mwenye duka aliyeweka kamera anashauriwa kubandika tangazo linaloonekana, na kutosambaza picha za wateja katika makundi ya simu kwa dhihaka au kwa tuhuma zisizothibitishwa. Mwizi anaripotiwa polisi.

Yanayomhusu mkazi wa mjini

Kwanza, umeme. Mto Ruaha Mkuu, unaowanywesha wanyama hao, hulisha mabwawa ya Mtera, yenye uwezo wa megawati 80, na Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, hasa kwa sababu ya maji kuchukuliwa kwa wingi sehemu za juu. Mahali kamera inapoonyesha wanyama wamehama kwa kukosa maji, taa za mjini nazo zina la kujiuliza.

Pili, nyamapori. Biashara hiyo inaruhusiwa kwa leseni pekee, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Nyama inayouzwa kwa kificho, bila stakabadhi wala ukaguzi, ni hatari kwa afya na ni kosa kisheria kwa muuzaji na mnunuzi. Zaidi ya hayo, kila kipande kinachonunuliwa gizani ni alama iliyofutwa katika daftari la kijiji fulani.

Tatu, wanyama wanaoonekana mitaani. Komba, nguchiro au nyani akionekana katika makazi, asipigwe mawe wala kuwekewa sumu, na watoto wasimsogelee. Mtu akiumwa na mnyama yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa, kwani kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishajitokeza. Taarifa ya mnyama itolewe ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mtendaji wa kata.

Ndugu wakazi, vijiji vya Idodi na Pawaga vimekubali kufungua daftari na kuandika kila kinachopita usiku katika ardhi yao. Mkazi wa mjini hatakiwi kufunga kamera mtini. Anatakiwa kudai stakabadhi anaponunua, kutoa taarifa anapoona, na kuhudhuria mkutano wa mtaa pale mapato na matumizi yanaposomwa. Huduma za kata nazo ni mali, na zisipohesabiwa na wenyewe zitapotea bila habari.