Nyumba Yenu Iwe Shahidi



Wanangu, leo siku ya harusi yenu mmependeza, na sisi wazee wenu tumefurahi. Nina neno moja la kuwakabidhi: kiasi, yaani kujitawala.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 24, Paulo akiwa kifungoni Kaisaria, liwali Feliki alikuja na mkewe Drusila wakamsikiliza. Paulo akawaeleza habari za haki, kiasi na hukumu ijayo. Feliki aliingiwa na hofu, akamwambia aende kwanza, atamwita akipata nafasi. Aliendelea kumwita mara kwa mara, huku akitumaini kupewa fedha, na baada ya miaka miwili akamwacha kifungoni. Neno lilimfikia, tamaa ikamshinda.

Mfano wa kufuata ni Akila na Prisila, mafundi wa mahema, katika sura ya 18. Walimsikia Apolo akihubiri Efeso, msemaji hodari, ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumsahihisha mbele za watu. Walimchukua kwao, wakamfundisha kwa utaratibu. Nanyi stahianeni vivyo hivyo. Mwenzako akikosea mbele za wageni, nyamaza. Mwambie mkiwa wawili, tena kwa upole.

Mnakwenda kuanza maisha kwenye nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani. Atawasikia mkiimba tenzi jioni. Atawasikia pia siku LUKU inapokata usiku na hela ya umeme haionekani. Hapo ndipo atakapopima imani yenu. Bwana harusi, hasira hasara: ikipanda, toka nje upunge upepo, kisha rudi nyumbani, usipitie baa. Mkono wako usiinuke juu ya mkeo kamwe. Bibi harusi, ya chumbani yasifike kwa mashoga wala kwenye kundi la WhatsApp. Mshahara ukiingia, kaeni nyote wawili na daftari: sadaka, kodi, chakula, akiba, ndipo mengine yafuate.

Haya hayawezekani kwa nguvu za mtu peke yake. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba kiasi ni tunda la Roho. Basi msilale bila kuomba pamoja, hasa siku mliyokwaruzana.

Mkiishi hivyo, jirani asiyekanyaga kanisani atawauliza amani hiyo mmeitoa wapi. Mjibuni bila kujisifu: ni Yesu. Mungu awalinde, awape uzao na maisha marefu. Amina.