Mpelelezi na Neno Lake

Wahenga walisema, Siri ya mtungi aijuaye kata. Jemadari vitani ni kama mwenye kiu asiyeona ndani ya mtungi. Yampasa awe na kata ya kumletea habari. Kata hiyo ndiyo mpelelezi. Leo nitawasimulia habari za afisa mmoja Mwingereza aliyefanya kazi hiyo huku kwetu Afrika ya Mashariki, kisha katika nchi ya Palestina.

Richard Meinertzhagen alizaliwa London mwaka 1878. Mwaka 1902 aliletwa Kenya kutumika katika jeshi la Keya. Alipenda sana kuchunguza ndege na wanyama, hata yule nguruwe mkubwa wa msituni akapewa jina lake katika elimu ya wanyama. Lakini Wanandi humkumbuka kwa jambo jingine. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikutana na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, katika mkutano uliosemwa kuwa wa amani, akamwua. Mwenyewe alidai kuwa aliwahi kujikinga na hila. Mabaraza ya uchunguzi yalimwachilia, lakini mwaka 1906 aliondolewa katika nchi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, alirudi pamoja na majeshi yaliyotoka Bara Hindi. Mwezi wa Novemba 1914, askari wapata 8,000 walishuka Tanga bila kujua vema nguvu za adui. Wadachi na askari wao hawakuzidi sana 1,000, nao wakawashinda. Hivyo ndivyo kukosa habari kunavyoangamiza watu.

Mwaka 1915 Meinertzhagen alipewa kazi ya upelelezi mjini Nairobi. Aliwatuma Waafrika wavuke mpaka, na aliandika kwamba waliokota hata karatasi zilizotupwa vyooni katika kambi za Wadachi. Karatasi hizo zilikuwa barua na amri za jeshi. Adui alidhani zimekwisha kazi. Angalieni basi ni nani waliohatirisha roho zao. Ni wale wapelelezi Waafrika, ambao kama wangalikamatwa, wangaliuawa. Lakini sifa ilimwendea afisa aliyekaa mezani akisoma.

Mwaka 1917 alihamia Palestina, chini ya Jemadari Allenby. Waingereza walikuwa wameshambulia Gaza mara mbili, wakashindwa. Allenby akakata shauri kupiga Beersheba, penye visima vya maji. Ili kuwadanganya Waturuki, afisa mmoja alipanda farasi hata karibu na walinzi wao. Walipompiga risasi alijifanya amejeruhiwa, akakimbia na kuangusha shanta yenye damu. Ndani mlikuwa na fedha, barua, na karatasi za uongo zilizoonyesha kuwa shambulio kubwa litakuwa Gaza. Tarehe 31 Oktoba 1917 Beersheba ikatwaliwa.

Kwa miaka mingi Meinertzhagen alijulikana kuwa ndiye aliyebuni hila hiyo na ndiye aliyempanda farasi yule. Yeye mwenyewe ndiye aliyeeneza habari hiyo. Alikufa mwaka 1967, mwenye heshima nyingi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata ikiwa ndefu kuliko maisha yake. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ndege walichunguza mkusanyo wake wa ndege wapata 20,000 katika jumba la makumbusho la Uingereza. Waligundua kuwa baadhi aliwaiba katika mikusanyo ya watu wengine, akawabandika vibandiko vya uongo, vyenye mahali na tarehe zisizo za kweli. Tena mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kinachosema kuwa shanta ile ilibuniwa na afisa mwingine, na kuangushwa na mwingine tena.

Wasikilizaji, kumdanganya adui vitani ni silaha, kama mkuki. Lakini mkuki huachwa mlangoni mtu anapoingia nyumbani mwake. Mtu huyu aliingia nao ndani. Hasara ni kubwa: leo, hata pale aliposema kweli, msomaji husita, na wale waliofanya kazi kwa mikono yao walinyimwa sifa yao. Basi ninyi wanafunzi, msomapo habari za shujaa aliyejisifu mwenyewe, ulizeni: Nani mwingine alikuwapo?