Rais na Majenerali Wake: Ushauri wa Kijeshi Nchini Kenya, Ukitazamwa Kutoka Amukura

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa Rais vyeo viwili vinavyokwenda pamoja: yeye ni Amiri Jeshi Mkuu, na ndiye mwenyekiti wa Baraza la Usalama wa Taifa. Baraza hilo lina wajumbe tisa. Kati yao mwanajeshi ni mmoja tu, Mkuu wa Majeshi. Waliobaki, mbali na Rais mwenyewe, ni Naibu wa Rais, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, mkuu wa ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Kwa hiyo jenerali anapomshauri rais, wapo raia mezani wanaoweza kumpinga, au kumuuliza swali ambalo makao makuu ya jeshi hayakulifikiria. Kenya ilifika hapo baada ya karibu nusu karne ya kupapasa, na sehemu ya safari hiyo ilipita kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia na Malaba.

Mwanzo wake ni Januari 1964. Tarehe 20 mwezi huo askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Siku tatu baadaye wakaasi wenzao wa Jinja, Uganda, na tarehe 24 moto ukafika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru. Malalamiko yalifanana kote: mishahara duni, na maafisa Waingereza walioendelea kuamuru ingawa bendera zilikuwa zimebadilishwa. Viongozi wote watatu waliomba msaada wa askari wa Uingereza. Walichofanya baada ya hapo ndicho kilichowatenganisha. Julius Nyerere alilivunja jeshi lililoasi, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Mrisho Sarakikya. Jomo Kenyatta aliwafikisha waasi wa Lanet mahakamani, akavunja batalioni yao, akatia saini mkataba wa ulinzi na Uingereza. Milton Obote wa Uganda alipandisha mishahara na kuharakisha kuwapa vyeo maafisa Waafrika.

Uamuzi wa Obote ndio ulioacha alama kubwa zaidi mpakani. Mmoja wa maafisa waliopanda haraka alikuwa Idi Amin. Mwaka 1966 Obote alimtumia kulishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo, huku mkuu wa jeshi Shaban Opolot akiwekwa kando. Tangu siku hiyo uhusiano wa rais na mshauri wake wa kijeshi ulikuwa deni: rais alikuwa amemtuma mwanajeshi amalize ugomvi wa kisiasa, na mwanajeshi akajua bei yake. Obote alipojaribu baadaye kumpunguzia nguvu, alikuwa amechelewa. Tarehe 25 Januari 1971, akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, serikali yake ilipinduliwa na Amin.

Kenyatta aliliona hilo kwa karibu, na mwaka huohuo alikuwa na tatizo lake. Meja Jenerali Joseph Ndolo, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la Kenya, alitajwa katika njama ya mapinduzi, naye akajiuzulu. Kenyatta hakumteua mwingine katika nafasi ya mkuu wa majeshi yote. Kiti kilibaki wazi hadi mwaka 1978, mrithi wake Daniel arap Moi alipomteua Jackson Mulinge. Kwa miaka saba rais aliongoza nchi bila mshauri mmoja wa kijeshi mwenye mamlaka juu ya matawi yote, huku kikosi cha polisi cha GSU kikiimarishwa kuwa mizani dhidi ya jeshi. Njia hiyo ilimlinda rais. Kama iliilinda nchi ni suala jingine, kwa sababu katikati ya miaka hiyo mpaka wa magharibi ulitikisika kuliko wakati wowote tangu uhuru.

Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Alishikilia historia ya mwaka 1902, Waingereza walipouhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kuanzia Naivasha kwenda magharibi, na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Amukura, iliyo kati ya vivuko vya Malaba na Busia, ingekuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuguswa na dai hilo. Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, wanaoana, wanazikana, na masoko yao ni yaleyale. Julai mwaka huo makomando wa Israeli walivamia uwanja wa Entebbe na ndege zao zikajaza mafuta Nairobi. Amin akaja juu, na Wakenya waliokuwa Uganda wakauawa.

Jeshi la Kenya lilikuwa dogo kuliko la Uganda, na mshauri yeyote mkweli angemwambia Kenyatta kwamba vita si njia. Serikali yake ilishika barabara na reli. Uganda ilitakiwa kulipia kwa fedha za Kenya mizigo iliyotoka Mombasa, mafuta yakaadimika Kampala, na mwezi Agosti pande mbili zikakubaliana jijini Nairobi. Wakati huohuo Kenya ilikuwa imeagiza ndege za kivita za F-5 kutoka Marekani. Hapa ndipo ushauri wa kijeshi unapofaa kweli: kumwambia rais kile ambacho jeshi haliwezi, ili atafute nguvu nyingine aliyo nayo.

Moi alipata somo la namna nyingine. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini, waliteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya. Aliyeongoza kukikomboa alikuwa Mahmoud Mohamed, naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu. Jeshi la anga likavunjwa na kuundwa upya chini yake, na mwaka 1986 akawa mkuu wa majeshi, cheo alichokaa nacho miaka kumi. Uaminifu uliothibitishwa siku ya hatari ukawa sifa kuu ya mshauri. Ni jambo linaloeleweka kwa rais aliyeponea chupuchupu, lakini lina hasara yake: mshauri anayepimwa kwa utiifu hujifunza kusema yanayopendeza.

Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalirushiana risasi mpakani Busia. Rais wa Uganda, Yoweri Museveni, alikuwa na karibu miaka miwili madarakani, na Nairobi ilimshuku. Vivuko vilifungwa, malori yakakwama, na mipaka ya mashamba ikageuka mstari wa mbele. Tarehe 28 mwezi huo Moi na Museveni walikutana Malaba, mwendo mfupi kutoka Amukura, wakatoa tamko la pamoja kwamba masuala ya mpaka yashughulikiwe na wawakilishi wa kiraia wa serikali zao. Mkutano huo unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa. Marais wawili wenye majeshi yaliyokuwa yameshaanza kupigana waliamua kwamba swali lililoko mbele yao si la majenerali kulijibu.

Daudi Tonje, mkuu wa majeshi kuanzia 1996 hadi 2000, aliweka kanuni za vipindi vya uongozi na umri wa kustaafu, na tangu hapo wakuu wa majeshi wamekuwa wakipokezana bila kung'ang'ania. Rais bado anateua, ila mteule anajua tarehe ya kuondoka.

Pengo lililobaki lilionekana Machi 2008, jeshi lilipopelekwa Mlima Elgon, kaskazini mwa nchi ya Wateso, kupambana na kundi la wanamgambo la SLDF katika Operesheni Okoa Maisha. Kundi hilo lilikuwa limeua na kuwafukuza wengi, na kiongozi wake aliuawa miezi miwili baadaye. Lakini mashirika ya haki za binadamu yalieleza visa vya wanaume kukamatwa kwa wingi, kuteswa na kutoweka. Katiba ya wakati ule haikudai Bunge liulizwe kwanza. Katiba ya 2010 inadai: kwa Kifungu cha 241, jeshi likitumwa kurejesha amani ndani ya nchi, idhini ya Bunge la Taifa ni lazima. Likitumwa kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura, Bunge linapaswa kuarifiwa. Kwa kulituma nje ya nchi, Kifungu cha 240 kinataka idhini ya Bunge.

Sheria hiyo ilijaribiwa mapema. Oktoba 2011 Rais Mwai Kibaki aliliingiza jeshi Somalia katika Operesheni Linda Nchi, uamuzi uliotangazwa na mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji. Bunge liliidhinisha mwezi Desemba, wakati wa kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, askari wakiwa tayari vitani.

Jaribio la Agosti 2022 lilikuwa gumu zaidi. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Wafula Chebukati, alisema kwa kiapo mbele ya Mahakama ya Juu kwamba ujumbe wa maafisa wa usalama, akiwemo naibu mkuu wa majeshi Francis Ogolla, ulifika Bomas, kituo cha kujumlisha kura, kushinikiza matokeo yabadilishwe. William Ruto, aliyetangazwa mshindi, alimteua Ogolla huyohuyo kuwa Mkuu wa Majeshi Aprili 2023, akaeleza kwamba alitazama uwezo wake wa kazi. Ogolla alifariki katika ajali ya helikopta Aprili 2024. Uteuzi ule ulikwenda kinyume kabisa na desturi ya kuwapima majenerali kwa utiifu wa siku moja, ingawa swali la Bomas halikupata jibu kamili hadharani.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana walioandamana kupinga mswada wa fedha waliingia Bungeni. Siku hiyohiyo Waziri wa Ulinzi Aden Duale alitangaza katika gazeti rasmi kwamba jeshi litawasaidia polisi, na kesho yake Bunge la Taifa likapitisha hoja ya kuunga mkono. Chama cha Wanasheria kilikwenda Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi hakulizuia jeshi, lakini aliiagiza serikali itangaze wazi mahali askari watakapokuwa, kazi yao na muda wao. Majenerali walimshauri nini Rais usiku ule hakujatangazwa, na hakuna kifungu kinacholazimisha kutangazwa. Sheria ya Kenya sasa inaweza kuifuatilia amri ya kupeleka askari mpaka mahakamani; ushauri unaotangulia amri hiyo bado unabaki kati ya watu tisa na mlango uliofungwa.