Mbu Huyu Ana Umri Gani?

Juma hili nawauliza swali ambalo huenda likawachekesha. Mbu aliyekuuma jana usiku alikuwa na umri gani?

Kule Ifakara, katika bonde la Kilombero, swali hilo si la mzaha. Vimelea vya malaria vikishaingia ndani ya mbu huchukua siku kumi hivi, au zaidi, kukomaa. Mbu akifa kabla ya hapo hawezi kumwambukiza mtu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama vyandarua vinasaidia hana budi kujua kama mbu wa kijijini ni vijana au wazee. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa kumpasua mbu mmoja mmoja chini ya hadubini. Macho huchoka!

Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi, imejaribu chombo ambacho hutumika sana katika maabara za kemia na za kuchunguza plastiki na madini. Huitwa spektromita ya infraredi. Mbu mkavu humulikwa kwa miale isiyoonekana kwa macho. Chembe za mwili wake hunyonya baadhi ya miale hiyo, kila aina kwa namna yake, na kwa kuwa gamba la mbu hubadilika anavyozeeka, kompyuta hufunzwa kuitambua tofauti. Viungo vya kemikali vinavyosomwa hapo havifikii hata nanomita moja, yaani mita iliyogawanywa mara bilioni.

Damu nayo imejaribiwa. Mwaka 2019 watafiti hao walitoa matokeo ya matone makavu ya damu ya watu 296 wa kusini-mashariki mwa Tanzania. Ikilinganishwa na kipimo cha vinasaba, mashine ilipatia kwa asilimia 92. Kwa utafiti, hilo ni jambo kubwa. Kwa mama aliyebeba mtoto mwenye homa, makosa manane katika mia bado ni mengi mno.

Sasa fikirieni masika ya Kilombero. Mvuke wa maji hewani hunyonya miale ile ile, na baadhi ya vioo vya mashine za namna hii hutengenezwa kwa chumvi, ambayo huharibiwa na unyevu. Panatakiwa chumba kikavu, umeme wa kutegemewa, na fundi.

Katika hospitali moja, mbali na Ifakara, niliwahi kuonyeshwa mashine ya maabara iliyofunikwa kitambaa cha maua, juu yake wamepanga mafaili. Iliharibika kitu kidogo tu, nikaambiwa, lakini wa kuitengeneza hakuwapo.

Geigy alipoanzisha chuo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini pale Ifakara mwaka 1961, maabara ilikuwa tayari ipo jirani. Vyombo vikawa karibu na wanafunzi. Katika hafla za kupokea vifaa nilizohudhuria, bei ya mashine husomwa kwa sauti kubwa. Mshahara wa fundi wake sijausikia ukisomwa.